Mgongo Ukipinda, Usingoje Mtoto Akue

Hebu mwangalie mdogo wako akivaa sare ya shule. Bega moja limepanda kuliko la pili? Mwambie aunganishe miguu, ainame mbele, mikono ining'inie. Wewe simama nyuma yake. Ukiona mbavu za upande mmoja zimeinuka, usimcheke wala usimwite kibiongo. Huenda ni skoliosisi, yaani uti wa mgongo kupinda kando mfano wa herufi S ama C.

Wengi wetu hapa Shimoni tutalaumu mkoba mzito au ndoo za maji. Wapi! Mara nyingi chanzo hakijulikani, na hujitokeza sana mtoto anapofika umri wa kurefuka haraka. Na sio mwisho wa maisha. Usain Bolt anayo, na bado alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58.

Sasa kabla hujaogopa kisu, sikiza. Eksrei ndiyo hupima pembe. Ikiwa chini ya nyuzi 25, kwa kawaida daktari hufuatilia tu. Kati ya 25 na 40, na mtoto bado anakua, huvalishwa bresi, kile kizibao kigumu cha plastiki. Upasuaji huzungumziwa ikikaribia 50.

Bresi inasaidia kweli? Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa 2013 ulionyesha asilimia 72 ya waliovaa hawakufika kiwango cha kupasuliwa. Wasiovaa ni 48. Waliovaa angalau saa 13 kwa siku, tisa kati ya kumi waliepuka.

Saa 13 na joto letu hili, si mchezo. Fulana ya pamba ndani husaidia, na daktari akikubali, anaivua akienda kuogelea. Kuna pia mazoezi ya Schroth kutoka Ujerumani, ya kupumua na kujinyoosha, ambayo hufundishwa na mtaalamu. Kukandwa hupunguza maumivu, lakini hakunyooshi uti.

Shida ni muda. Mifupa ikishakomaa, bresi haina kazi tena. Kwa hivyo ile "tungoje kwanza, atanyooka akikua" ndiyo humpeleka mtoto kwenye kisu. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Msambweni, uulizie eksrei. Akiwa na homa, ganzi au miguu dhaifu, nenda leo leo, maana hata kifua kikuu hushika mgongo.

Na akipewa bresi, jua mikanda yake mara nyingi hufungwa nyuma. Peke yake hafiki. Mfungie wewe.