Mlima, Shamba na Kinamasi: Kutembea kwa Miguu Jijini Kigali

Mwalimu wa Kiswahili nchini Rwanda hachelewi kukutana na sentensi ya namna hii katika insha za wanafunzi wake: "Tulipita ndani ya shamba kubwa, na kwa chini tukaona milima ya mahindi." Mwanafunzi hakuota. Katika Kinyarwanda ishyamba ni msitu, na umurima ni kile ambacho Mswahili hukiita shamba. Mlima wenyewe, kwa Kinyarwanda, ni umusozi. Kwa hiyo neno moja limelisukuma jingine, na jingine likalisukuma la tatu. Makosa haya yanaweza kusahihishwa kwa kalamu nyekundu mwaka mzima yasiishe. Lakini mwanafunzi akisimama kwenye msitu na kuliangalia shamba lililo bondeni, ni vigumu kuyachanganya tena. Ndiyo maana tunapendekeza kwamba masomo ya mazungumzo yatoke nje ya darasa, na Kigali ni jiji linalofaa sana kwa kazi hiyo.

Jiji hili lilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, na limejengwa juu ya vilima, wastani wa mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Kati ya kilima na kilima kuna kinamasi. Basi anayetaka kupumzika kwa kutembea ana njia mbili tu: kupanda, au kushuka.

Tuanze na kupanda. Mlima Kigali uko upande wa magharibi ya jiji na una kimo cha mita 1,850 hivi. Njia inayopendwa na wengi huanzia Nyamirambo, na hili kwetu ni jambo kubwa, kwa sababu Nyamirambo na Biryogo ndiyo mitaa ya Kigali ambako Kiswahili kimezungumzwa kwa muda mrefu, tangu siku za mwanzo za utawala wa kikoloni, hasa miongoni mwa Waislamu. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini mitaani humu hakikusubiri sheria. Mwanafunzi anayenunua maji na chapati kabla ya kupanda, akaulizia njia, ameshafanya mtihani wa mazungumzo bila kujua. Tunashauri walimu wasimsaidie. Aulize mwenyewe, akwame, arudie.

Baada ya nyumba za mwisho njia inakuwa ya vumbi jekundu, na juu kuna msitu wa misindano na mikaratusi. Kwa mwendo wa kawaida kutoka Nyamirambo hadi juu hakupiti saa mbili. Ukifika kwenye mgongo wa mlima, mashariki unaliona jiji lote, na upande wa pili unauona mto Nyabarongo ukijipinda bondeni katikati ya mashamba. Maji hayo yataungana na ya Akanyaru, baadaye yawe Akagera, yaingie Ziwa Viktoria, na mwishowe yawe Nile. Hapo ndipo mahali pa kutaja maneno: mwinuko, mteremko, kilele, ukingo, bonde, njia ya mkato. Kinyarwanda husema umusozi kwa kilima na kwa mlima pia, ilhali Kiswahili humlazimisha msemaji achague. Je, mnaposimama ni mlimani au kilimani? Mabishano ya dakika tano juu ya swali hilo yana faida kuliko orodha ya msamiati.

Sasa tushuke. Mashariki ya jiji, kwenye mpaka wa wilaya za Gasabo na Kicukiro, ipo bustani ya Nyandungu yenye hekta 121. Ilifunguliwa kwa wananchi mwaka 2022 baada ya kazi ya ukarabati iliyoanza mwaka 2016. Kabla ya hapo kilikuwa kinamasi kilichoharibika, na hatari yake ilikuwa ya kweli. Kinamasi hufanya kazi kama sifongo: hupokea maji ya mvua yanayoporomoka kutoka vilimani, huyashika, huyachuja taka, kisha huyaachia polepole. Kikijazwa kifusi na kujengwa, maji yale yale huingia majumbani mwa watu. Huko Gikondo, viwanda vilivyokuwa vimejengwa kinamasini vilibidi kuhamishwa. Nyandungu ilipandwa miti ya asili, yakachimbwa mabwawa, zikatengenezwa njia za miguu na za baiskeli zenye urefu wa kilomita 10 hivi. Ni tambarare, kwa hiyo hata wazee na watoto wanaiweza.

Neno la kuangalia hapa ni jina la mahali penyewe. Wanafunzi wengi huandika "mbuga ya Nyandungu". Mbuga ni uwanda wa nyasi, na msomaji wa Dodoma au Mombasa akilisikia atatafuta simba. Bustani inatosha. Wataalamu wa mazingira husema ardhi oevu, nalo ni neno zuri la kitabuni, lakini mwenye nyumba iliyofurika atasema kinamasi.

Habari njema ni kwamba si kila neno ni mtego. Yale majani marefu ya kandokando ya maji huitwa mafunjo kwa Kiswahili na urufunzo kwa Kinyarwanda. Njia ni inzira. Ndege ni inyoni, na anayesoma tenzi za zamani atalikumbuka neno nyuni. Yule mwenye kishungi cha dhahabu, korongo taji, ndiye umusambi. Anayetaka kumwona kwa karibu aende Umusambi Village, hifadhi ndogo ya hekta 21 inayotunza ndege waliookolewa kutoka kufugwa majumbani na ambao hawawezi tena kuishi porini.

Machache ya kuzingatia kwa atakayepeleka darasa. Miezi ya Machi hadi Mei ni ya masika, na udongo mwekundu wa Mlima Kigali ukilowa huteleza kama sabuni. Wakati huo chagua Nyandungu. Nyandungu kuna kiingilio, uliza bei kabla ya kukusanya michango. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu mwaka 2008, hivyo vyakula vifungwe kwa karatasi au kikapu. Kundi lisizidi wanafunzi 15 kwa mwalimu mmoja, maana wakizidi hapo, wale wa nyuma watarudi kwenye Kinyarwanda kabla hamjafika kona ya kwanza.