Uvimbe Kando ya Korodani na Ushahidi wa Hadubini

Mwanamume anapogundua kinundu kigumu katika pumbu, mara nyingi hunyamaza kwa haya, huku moyoni akiamini kuwa ni saratani. Kunyamaza huko ni hatari, kwani saratani ya korodani ipo. Hata hivyo daktari huuliza kwanza: je, kinundu kimo ndani ya korodani yenyewe, au kando yake? Uvimbe mgumu uliomo ndani aghalabu ni wa saratani. Ule wa kando, katika epididimisi (mrija mrefu uliojikunja nyuma ya korodani) au katika kamba yake, aghalabu si wa saratani. Huweza kuwa kifuko cha maji, fundo la mafuta, au uvimbe wa adenomatoidi, jina lililotolewa na Golden na Ash mwaka 1945.

Katika Usukuma iko sababu nyingine, ambayo vitabu vya Ulaya huigusia tu. Ukipita njia panda ya Usagara na kuingia bara, utakuta malambo na majaruba ya mpunga. Humo huishi konokono wa jamii ya Bulinus, wabebaji wa kichocho cha mkojo, Schistosoma haematobium. (Ufukweni mwa ziwa konokono ni Biomphalaria, na kichocho chao ni cha matumbo.) Minyoo hukaa katika vena zinazozunguka kibofu. Mayai mengi hutoka na mkojo. Machache hupotea njia yakakwama katika epididimisi au korodani. Mwili huyazingira kwa seli za kinga na nyuzi za kovu, hata likajengeka fundo lisilotofautika na saratani kwa kuguswa. Wamekuwapo wagonjwa walioondolewa korodani kwa dhana ya saratani, kumbe ni mayai ya kichocho.

Picha za mawimbi ya sauti huonyesha mahali pa uvimbe, lakini neno la mwisho ni la mpatholojia. Kipande cha tishu hutiwa katika formalini kisioze. Maji yake huondolewa kwa alkoholi, na baada ya kusafishwa kwa zailini hujazwa nta ya parafini. Ndipo hukatwa vipande vyembamba vya maikromita 4 hivi; unywele mmoja una unene wa vipande 15 au zaidi. Hematoksilini hupaka viini vya seli rangi ya zambarau, na eosini hupaka sehemu nyingine waridi. Seli za saratani huonekana zikiwa na viini vikubwa visivyolingana. Yai la haematobium lina urefu wa maikromita 140 hivi na mwiba nchani, ilhali la kichocho cha matumbo lina mwiba ubavuni. Mwanafunzi aliyezoea hadubini ya shule angeutambua.

Kwa Kanda ya Ziwa, hospitali ya rufaa ni Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971. Kipande kilichokatwa katika hospitali ndogo hakina budi kufikishwa kwa mpatholojia. Kikitupwa, hakuna atakayejua mgonjwa alikuwa na nini. Yakionekana mayai, hupewa prazikwanteli, dawa iuayo minyoo. Lakini haimkingi mgonjwa anayerudi kwenye lambo lile lile.