Kapu la Chakula na Mteja Asiyekaa

Ipo biashara iliyostawi Ulaya na Marekani ambayo wengi waliitabiria makuu. Mteja hujiandikisha, hulipa kila wiki, naye huletewa mlangoni sanduku lenye nyama, mboga na viungo vilivyokwisha kupimwa, pamoja na maelezo ya upishi. Linalombakia ni kuinjika sufuria tu. Je, mustakabali wa biashara hii ni upi?

Historia yake fupi ina funzo. HelloFresh ilianzishwa mjini Berlin mwaka 2011. Blue Apron ikafuata New York mwaka 2012. Mnamo Juni 2017, Blue Apron ilipouzia umma hisa zake kwa dola 10 kila moja, thamani yake ilikadiriwa kuwa karibu dola bilioni 1.9. Mwaka 2020 Korona iliwafungia watu majumbani, na maagizo ya masanduku yakaongezeka. Hata hivyo, mwaka 2023 kampuni hiyo iliuzwa kwa takriban dola milioni 103 tu.

Kilichoiponza zaidi si ladha, bali hesabu. Wateja walivutwa kwa punguzo la bei katika wiki za mwanzo. Walipotakiwa kulipa bei kamili, wengi walijiondoa, na fedha nyingi zikateketea katika matangazo ya kuwasaka wengine. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alipoonyeshwa jembe, alitoroka.

Sasa mtazame mama mboga wa mitaa yetu. Jioni humkatia mteja sukuma wiki, akamfungia pamoja na nyanya na kitunguu, kwa kadiri ya pesa alizo nazo. Asiye nazo hukopeshwa hadi kesho. Hamfungi mtu kwa mkataba, ila mteja hurudi kwa kuwa wanajuana.

Kwa maoni yangu, malipo ya kujiandikisha yatadumu kwa vitu vinavyotumika kwa kipimo kinachojulikana, kama vile maji ya kunywa na maziwa. Mlo haufuati ratiba hiyo. Anayetaka kuileta huduma hii kwetu hana budi kushirikiana na mama mboga, wala si kumpokonya riziki.

Nanyi wanafunzi wa biashara, mnaposifiwa kampuni yoyote, msiulize wangapi wamejiandikisha. Ulizeni wangapi wamebaki.