Holili: Mabishano ya makombe yana hesabu zake sokoni

Ipo bidhaa moja inayovuka mpaka wa Holili kila siku bila kupimwa kwenye mizani wala kulipiwa ushuru. Ni ubishi wa soka. Mahindi, maharage, vitunguu na ndizi hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili kabla ya kuingia Taveta, upande wa Kenya. Ubishi wa Simba, Yanga na Gor Mahia hupita bila kibali, na mara nyingi hufika sokoni kabla ya mzigo.

Swali linalowagombanisha wachuuzi, wapakiaji, madereva wa bodaboda na wakulima waliokuja kuuza mazao ni la miaka mingi. Klabu kubwa za Tanzania zina mashabiki nchi nzima, zina wafadhili na zinajaza viwanja. Kombe kubwa la Afrika liko wapi?

Wafanyabiashara wa upande wa Taveta wana jibu fupi la kuwanyamazisha watani wao: 1987. Mwaka huo Gor Mahia ya Kenya ilitwaa Kombe la Washindi Afrika baada ya kutoka sare ya 2-2 na Esperance mjini Tunis, kisha sare ya 1-1 mjini Nairobi. Mabao ya ugenini ndiyo yaliyoamua. Tanzania Bara haina kombe la aina hiyo.

Si kwamba haikukaribia. Simba ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1974. Mwaka 1993 ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka suluhu ugenini na Stella Abidjan ya Ivory Coast, kisha ikafungwa 2-0 jijini Dar es Salaam mbele ya mashabiki wake. Yanga nayo ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023. Ilifungwa 2-1 nyumbani na USM Alger, ikashinda 1-0 kule Algiers, na kombe likaenda Algeria kwa kanuni ileile ya mabao ya ugenini iliyowapa Gor Mahia furaha. Mei 2025 ikawa zamu ya Simba tena. Ilifungwa 2-0 na RS Berkane ya Morocco ugenini, ikatoka sare ya 1-1 Zanzibar.

Fainali tatu, makombe sufuri. Hapo ndipo ubishi wa Holili hugawanyika. Wapo wanaosema kufika fainali ni mafanikio, kwa kuwa mkulima aliyevuna magunia manane pale alipozoea kuvuna matatu hawezi kuitwa mvivu. Wengine hujibu kwamba gunia ambalo halijafika sokoni halina bei.

Kilimanjaro nayo je?

Ubishi ukishapoa kidogo, hugeukia nyumbani. Orodha ya mabingwa wa Ligi ya Tanzania Bara tangu mwaka 1965 imejaa Simba na Yanga, lakini mikoani pia kombe limefika. Mseto ya Morogoro ilikuwa bingwa mwaka 1975. Tukuyu Stars ya Mbeya ilipanda daraja na kutwaa ubingwa mwaka 1986. Coastal Union ya Tanga ilifuata mwaka 1988, na Mtibwa Sugar ya Morogoro ikachukua mara mbili mfululizo, 1999 na 2000.

Kilimanjaro haimo. Mkoa uliopata utajiri wa kahawa mapema, uliojenga shule kila kijiji, wenye wafanyabiashara walioenea nchi nzima, haujawahi kutoa bingwa wa ligi. Wazee wa Moshi wanaikumbuka Ushirika, iliyowahi kucheza ligi ya juu. Vijana wanaikumbuka Polisi Tanzania, iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20 ikitumia Uwanja wa Ushirika mjini Moshi, kisha ikashuka mwishoni mwa msimu wa 2022/23.

Kwa shabiki, kushuka kwa Polisi ni aibu ya michezo. Kwa mfanyabiashara mdogo ni soko lililofungwa. Simba au Yanga inapocheza Moshi, watu hutoka Rombo, Mwanga, Same, Hai na hata ng'ambo ya mpaka. Nyumba za wageni hujaa, mama lishe huongeza sufuria, mchoma nyama huagiza mbuzi wa ziada, na muuza ndizi wa Marangu hupata mteja ambaye siku nyingine hayupo. Daladala za njia ya Himo na Holili hupata abiria wa kwenda na kurudi.

Hata kabla timu haijashuka, soko hilo lilikuwa limeanza kuhama. Agosti 2022 Polisi iliikaribisha Yanga katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Mechi ilikwenda Arusha, na fedha ya siku hiyo ikaenda nayo. Baada ya timu kushuka, haikuwa tena na mechi ya ligi ya kuwaleta vigogo hao Moshi. Kwa hiyo anayeuliza timu ya mkoa itamsaidia nini mkulima, jibu lake liko kwenye sufuria la mama lishe: mchele, maharage, nyanya na ndizi zinazopikwa siku ya mechi zimetoka shambani kwa mtu.

Kombe hutanguliwa na mtaji

Ukifuatilia timu za mikoani na za pembeni zilizofanikiwa, nyuma yake utakuta chanzo cha fedha cha uhakika. Mtibwa Sugar ilisimama juu ya kiwanda cha sukari. Azam ilianza mwaka 2004 kama timu ya wafanyakazi wa kampuni ya Bakhresa, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2008, ikajenga uwanja wake Chamazi na kulea vijana, na ubingwa ukaja msimu wa 2013/14 bila kupoteza mchezo. Tangu kuanzishwa hadi kombe ilipita miaka kumi.

Mkulima wa kahawa hashangazwi na hesabu hiyo. Mche wa kahawa hukaa miaka mitatu au minne kabla ya kutoa mavuno ya maana, na wakati wote huo unahitaji samadi, palizi na dawa. Anayeng'oa miche kila mwaka kwa sababu haijazaa hatavuna kamwe. Klabu nyingi za mikoani hubadili kocha na nusu ya wachezaji kila zikifungwa mechi tatu, kisha mashabiki hushangaa kombe halionekani.

Mtaji nao haumalizi kila kitu. Mtibwa hiyohiyo, iliyotwaa pia Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2018 kwa kuifunga Singida United jijini Arusha, ilishuka daraja msimu wa 2023/24. Kiwanda kilikuwapo, lakini wengine walikuwa wameongeza fedha zaidi. Mwaka 2021 Azam Media na TFF walisaini mkataba wa haki za televisheni wa Sh225.6 bilioni kwa miaka kumi. Mwaka 2022 Simba ilipata mdhamini wa Sh26.1 bilioni kwa miaka mitano, na Yanga Sh12.3 bilioni kwa miaka mitatu. Klabu inayotegemea harambee na kiingilio cha mlangoni haiwezi kushindana na fedha hizo kwa maneno.

Kombe la zamani pia halilipi mishahara ya leo. Gor Mahia, pamoja na heshima yake ya 1987, iliingia katika matatizo ya fedha mwaka 2019 mdhamini wake alipojitoa katika soka la Kenya. Shabiki wa Taveta anayejivunia kombe hilo anajua kwamba kuna vijana wenye watoto shuleni ambao hawakuwa wamezaliwa lilipokuja.

Nani mwenye klabu?

Hoja nyingine nzito ni ya umiliki. Desemba 2017 Simba ilipata mwekezaji katika mfumo mpya wa hisa, ambapo wanachama wangebaki na asilimia 51 na mwekezaji asilimia 49. Wanachama wa Yanga nao waliridhia mabadiliko ya mfumo mwaka 2021. Makombe ya ndani yalifuata pande zote mbili, Simba ikitwaa ligi mara nne mfululizo hadi 2021, kisha Yanga ikachukua mara nne mfululizo hadi 2025.

Wakulima wa Kilimanjaro wana uzoefu wa jambo hili kuliko wengi. Chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, kilianza mwaka 1933 ili mwenye mibuni michache aweze kuuza pamoja na wenzake na kupata bei. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na viliporudishwa miaka ya 1980 vilikuta deni, uzembe na wanachama waliokata tamaa. Somo ni kwamba asilimia 51 kwenye karatasi haina maana kama mwanachama haendi mkutanoni, hasomi mahesabu na hajui timu inadaiwa kiasi gani. Shabiki anayejua majina ya wachezaji wote wa akiba, lakini hajawahi kuona taarifa ya mapato ya klabu yake, ni sawa na mkulima anayejua rangi ya gari la mnunuzi bila kujua bei ya kilo.

Kalenda ya soka na kalenda ya shamba

Kwa muuza jezi wa Holili au Himo, jambo la kuangalia kwanza ni tarehe. Ligi huanza karibu na Agosti, na Simba hutambulisha kikosi chake katika tamasha la Simba Day, ambalo siku yake ya asili ni Agosti 8. Huo ndio wakati ambapo mahindi ya masika ya ukanda wa chini yanakuwa yamevunwa na fedha iko mifukoni. Jezi mpya huuzika.

Fainali za Afrika huangukia Mei na mwanzoni mwa Juni. Wakati huo mahindi yako shambani, akiba ya nyumbani imepungua na fedha nyingi zimekwenda kwenye mbegu, mbolea na palizi. Mfanyabiashara anayejaza duka jezi kwa kuamini kombe litakuja hubeba hatari mbili: wateja hawana fedha, na timu ikifungwa jezi hugeuka mzigo. Miezi michache baadaye muundo mpya hutoka na ule wa zamani hushuka bei. Mwenye busara hununua kidogo kidogo na kuagiza tena bidhaa inapotembea.

Hesabu ya mwisho ni ya vijana wanaotaka kuponya machungu ya kukosa kombe kwa kuweka mkeka. Anayeweka Sh1,000 kila siku hutumia Sh365,000 kwa mwaka. Hata akishinda siku moja moja, wengi hurudisha walichopata kabla ya wiki kuisha. Kiasi hicho kingemnunulia mbegu na mbolea, au kumwanzishia biashara ndogo ya ndizi au nyanya upande wa pili wa mpaka.

Septemba 2023 CAF iliipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa pamoja wa fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, na Arusha ikaanza kujenga uwanja mpya kwa ajili hiyo. Barabara ya Holili, Moshi na Arusha inapita mbele ya mashamba na maduka ya watu hawa. Nani atabeba kombe ni juu ya wachezaji. Nani atauza chakula, malazi na usafiri kwa wageni ni juu ya wale wanaopanga mapema: vikundi vya mama lishe vinavyosajiliwa, wakulima wa mboga wanaopanga tarehe za kupanda, na wenye nyumba za wageni wanaokarabati vyumba wakati bei ya saruji bado inahimilika.

Ubishi utaendelea, na hauna ubaya. Ila mwenye shamba na mwenye genge wasisahau kwamba kombe likija litakaa kwenye kabati la klabu Dar es Salaam. Kitakachobaki Holili ni kile kilichouzwa.