Mzee Mkapa Aliwahi

Tarehe 12 Novemba 2019, siku aliyotimiza miaka 81, Rais mstaafu Benjamin William Mkapa alizindua kitabu cha maisha yake jijini Dar es Salaam, mgeni rasmi akiwa Rais John Magufuli. Usiku wa kuamkia 24 Julai 2020 akafariki dunia. Mimi ni karani wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, hapa Makongolosi, wilayani Chunya, na habari hizo mbili nazisoma kama habari moja: mzee aliwahi.

Huku kwetu wengi hawakuwahi. Dhahabu ya Lupa imevuta watu tangu miaka ya 1920. Mgodi wa Saza ulifungwa miaka ya 1950, na waliofanya kazi mle tumeshawazika. Zimebaki simulizi za watoto na wajukuu, kila nyumba na yake.

Kazi yangu ni daftari. Mchimbaji akileta mawe naandika jina, duara (yaani shimo) alilotoka, idadi ya viroba na saa vilipoingia. Jioni ukizuka ugomvi juu ya nani mwenye marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, watu husema, "Karani, fungua daftari." Lakini daftari linaloheshimiwa ni lile lililoandikwa wenye mali wote wakiwapo, asiyekubali akapinga palepale. Ukiandika peke yako usiku, wenzako wamekwisha kuondoka, hilo halimalizi ugomvi.

Kitabu cha kiongozi nacho nakipima hivyo hivyo.

Kalamu haikuwa ngeni kwa Mkapa. Mtoto huyo wa Lupaso, Masasi, alisoma Kiingereza Makerere, akaja kuwa mhariri wa The Nationalist, kisha Daily News, akawa mwandishi wa habari wa Rais Nyerere, na mwaka 1976 akaanzisha Shirika la Habari, Shihata. Miaka yote hiyo aliandika habari za wengine. Hata alipotoka Ikulu mwaka 2005 hakukimbilia kuandika za kwake. Mwanzoni mwa 2008 alikuwa Nairobi pamoja na Kofi Annan na Graça Machel wakiwapatanisha Wakenya. Baadaye ikaja kura ya maoni ya Sudan Kusini, kisha usuluhishi wa Burundi. Kitabu kikatoka karibu miaka 14 baada ya kung'atuka, kwa kazi ya Taasisi ya Uongozi na wachapishaji Mkuki na Nyota.

Siwezi kusema lililokuwa moyoni mwake. Ninalolijua ni kwamba tarehe 14 Oktoba 1999 yeye ndiye aliyewatangazia Watanzania kifo cha Mwalimu. Nyerere alituachia hotuba na makala nyingi, ila hakuandika kitabu cha maisha yake mwenyewe. Ilibidi Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata waifanye kazi hiyo, wakatoa juzuu tatu mwaka 2020. Ni kazi kubwa na ya heshima. Lakini ukitaka kumuuliza Mwalimu mwenyewe swali juu ya ukurasa fulani, utamuuliza wapi?

Mkapa aliweza kuulizwa, na hakuficha pale palipouma. Januari 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa CUF Zanzibar. Watu wakafa, wengine wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Kitabuni alikubali kwamba jambo lile lilitia doa uongozi wake. Kwa aliyezika mwanawe Pemba maneno hayo ni machache mno, na ana haki ya kusema hivyo. Lakini yalisemwa na aliyekuwa Amiri Jeshi Mkuu, naye mfiwa akiwa hai wa kuyasikia.

Kinachonisikitisha ni kwamba alikiandika kwa Kiingereza. Mzee Ali Hassan Mwinyi alipotoa Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, tarehe 8 Mei 2021, akitimiza miaka 96, alitoa kwa Kiswahili. Kitabu cha namna hiyo unaweza kukisoma kwa sauti pale karasha, mashine zikiwa zimezimwa, na kila mtu akatoa lake.

Na wachimbaji wa huku wana la kumwambia Mkapa. Ubinafsishaji aliutetea. Sheria ya Madini ya 1998, ya wakati wake, iliwafungulia mlango wawekezaji wakubwa, na mchimbaji mdogo wa Chunya anajua leseni inavyoweza kuhama mkono huku yeye bado yumo shimoni. Nilipomsimulia mzee mmoja mchimbaji hoja za kitabu, alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa, yeye kaandika lake. Na langu nani ataandika?"

Nimeanza kumwandikia. Tunakaa siku ambazo umeme umekatika na karasha halisagi. Anataka maelezo ya mipaka ya duara lake yasomwe kwanza mbele ya aliyekuwa jirani yake, ambaye hawajazungumza naye kwa miaka mingi, na jirani amekubali kuja.