Oedipus Hakuponzwa na Kiburi

"Oedipus aliangamizwa na majaliwa au na kiburi chake?" Naulizwa hivyo na walimu wa fasihi, na wanafunzi wao, na juzi na mwigizaji anayejiandaa kupanda jukwaani. Kila mmoja huja na jibu lake tayari: kiburi. Limekaririwa kwenye vitabu vya mwongozo mpaka hakuna anayelihoji.

Tulihoji basi, kwa tamthilia ya Sophocles kuhusu Oedipus akiwa mfalme wa Thebes. Utabiri kwamba mtoto wa Laius, yaani Oedipus, atamuua baba yake ulitolewa mtoto hajazaliwa. Mimba ina kiburi gani? Alipokua kule Corinth, akaambiwa kwenye hekalu la Apollo kule Delphi kuwa atamuua baba na kumwoa mama, alihama. Aliuacha ufalme aliodhani ni urithi wake ili asiwadhuru Polybus na Merope waliomlea, aliowaamini kuwa ndio wazazi wake. Mwenye kiburi angebaki nyumbani akamcheka Apollo.

Hapo watu hurukia hasira: si alimuua mzee, Laius mwenyewe, pale njia panda? Alimuua, baada ya mzee huyo kumtandika kichwani kwa mchokoo. Katika tamthilia nyingine ya Sophocles, Oedipus akiwa Colonus, iliyochezwa mwaka 401 KK mwandishi akiwa amekwisha kufa, Oedipus mzee anajitetea waziwazi: alishambuliwa, na hakumjua aliyemshambulia. Theseus, mfalme wa Athens, anampokea. Wapo hata wanaosema kwamba mtu aliyeonywa vile hakupaswa kumwoa mwanamke yeyote aliyemzidi umri. Huo ni ushauri wa kungwi, si uhakiki wa tamthilia. Mhakiki E. R. Dodds alizivunja hoja hizi mwaka 1966, akiwa amechoshwa na majibu ya mitihani ya wanafunzi wa Oxford. Bado tuko palepale.

Basi ni majaliwa matupu? Wala. Tamthilia ya Oedipus akiwa mfalme inapoanza, mauaji na ndoa ni mambo ya miaka mingi nyuma. Tunachotazama ni upelelezi. Delphi imeagiza muuaji wa Laius aondolewe ili tauni iishe Thebes, lakini ung'ang'anizi ni wa Oedipus. Tiresias mtabiri hataki kusema, anashurutishwa. Jocasta, mke wake ambaye ndiye mama yake, akiwa ameshang'amua, anamsihi aache, hasikii. Mchungaji anayeijua siri ya kuzaliwa kwake anagoma, na Oedipus anaamuru afungwe mikono nyuma mpaka aseme. Na baada ya kujitoboa macho anasema Apollo ndiye aliyemletea mateso, ila mkono uliopiga ni wake mwenyewe. Vyote viwili, kwa pumzi moja. Kwa Sophocles, mungu kutaka jambo hakumwondolei mtu umiliki wa tendo lake, kwa hiyo hilo "au" la kwenye swali ndilo linalowapoteza watu.

Unaandika insha au unaongoza igizo? Tenga kilichotabiriwa na kisichotabiriwa. Angalia nani anasema "acha", na anajibiwa nini. Futa neno kiburi uone kama hoja yako bado inasimama. Kisha msome Eteocles, mwana wa Oedipus, katika tamthilia ya Aeschylus (467 KK): laana ya baba iko juu yake, lakini anajipanga mwenyewe lango la saba akapigane na ndugu yake, wanawake wa Thebes wakimsihi asiende. Na ukimtaka mwenye kiburi hasa, yupo: Hippolytus wa Euripides (428 KK), anayemdharau Aphrodite, mungu wa mapenzi, hadharani. Huyo mwandikeni mtakavyo.

Nanyi mnaotunga mitihani, lifuteni swali hilo.