Je, Wajua? Gari la Rimoti na Lenzi Iliyolala Chini

Je, wajua kuwa picha nzuri ya gari la rimoti hupigwa na mtu aliyelala kifudifudi? Ukilipiga ukiwa umesimama, unapata kitu cha mtoto kilichosahauliwa uani. Shusha lenzi mpaka ilingane na magurudumu, na kigari cha sentimita 40 kinakuwa gari la mashindano linalokujia mzimamzima. Gari la kweli tumezoea kulitazama kwa usawa wa macho, hatulitazami kutoka darini.

Mimi somo hilo nilipewa na mtoto. Jirani yangu hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, ana kijana wa miaka tisa aliyeletewa gari la rimoti na mjomba wake kutoka Kampala, na Jumamosi moja nikajitolea kulipiga picha kwa simu likikimbia kwenye barabara ya udongo mbele ya nyumba. Nilipiga 20 na ushei, nimesimama wima kama mpigapicha wa harusi. Akazitazama moja moja, akanirudishia simu. "Yaya, hii ni foto ya vumbi. Motokari iko wapi? Lala chini." Nilikuwa nimevaa shati jeupe.

Je, wajua kwamba kuna mtoto mwingine aliyeijua siri hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita? Mfaransa Jacques Henri Lartigue, aliyezaliwa 1894, alivipanga vigari vyake vya mashindano sakafuni chumbani kwake Paris mwaka 1905, akaiweka kamera chini kabisa, akapiga. Vigari vinaonekana vizito, kama vinasubiri bendera. Dunia ilichelewa kumjua: alikuwa na miaka 69 wakati Museum of Modern Art ya New York ilipoonyesha kazi zake, mwaka 1963.

Na picha yake mashuhuri kuliko zote aliiona imeharibika. Ni ya mbio za Grand Prix za Ufaransa, ambayo kwa miaka mingi iliandikwa kuwa ya 1912 na sasa inaaminika ni ya 1913. Gari limekatwa na ukingo wa picha, gurudumu la nyuma limekuwa yai lililoinama mbele, na watazamaji pamoja na nguzo wamelala upande wa pili kama migomba baada ya upepo. Kilango kinachopitisha mwanga katika kamera ile kilikuwa ufa mwembamba uliopita mbele ya kioo cha picha: sehemu moja ilinaswa mapema, nyingine baadaye kidogo, na gari halikungoja. Lartigue aliiweka kando. Leo ndiyo inayotajwa kwanza watu wakizungumzia picha za mwendo kasi. Sasa itazame simu yako: nyingi husoma picha mstari baada ya mstari, kwa hiyo kasoro ile ile ya kilango cha Lartigue imerudi kupitia mlango wa nyuma. Magurudumu ya gari la kijana wangu yalitoka mayai matupu. Nilimwambia ni sanaa. Hakukubali.

Je, wajua hesabu ya ukungu? Gari la rimoti linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Kilango cha kamera kikibaki wazi kwa sehemu ya 60 ya sekunde, gari linasogea sentimita 23, zaidi ya nusu ya urefu wake. Kikifunguka kwa sehemu ya 1,000, linasogea sentimita 1.4 tu na picha inatoka kali.

Lakini kali mno nayo ni balaa. Magurudumu yakigandishwa hayaonekani kuzunguka, na gari lililokuwa likiruka kama panzi linaonekana limeegeshwa likingoja fundi. Ndiyo maana wapigapicha wa mbio hupunguza kasi ya kilango hadi sehemu ya 125 au hata ya 60, kisha hulisindikiza gari kwa lenzi: miguu imetulia, kiuno kinageuka, kamera inakwenda sambamba na gari kabla ya kubonyeza, wakati wa kubonyeza, na hata baada ya kubonyeza. Wengi hukosea hapo mwisho, wanasimama ghafla kidole kikishagusa. Ukifanikiwa, gari linabaki safi na nyuma yake panakuwa mistari mitupu. Picha nyingi zitaharibika. Anayekwambia kwake haziharibiki anazifuta kabla hujaziona.

Je, wajua kwamba chombo cha kwanza maarufu kuongozwa kwa redio mbele ya umma kilikuwa mashua? Nikola Tesla aliionyesha New York mwaka 1898, na hataza yake ilitolewa Novemba mwaka huo huo. Inasimuliwa kuwa wapo waliodai ndani yake kajificha nyani aliyefunzwa.

Magari yalisubiri transista. Kampuni ya Italia, Elettronica Giocattoli, ilitoa Ferrari 250 LM ya rimoti mwaka 1966, miongoni mwa magari ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa madukani. Mwaka 1976 Tamiya ya Japani ikaja na Porsche 934, na hapo ndipo mchezo uliposhika moto. Shunsaku Tamiya, aliyekuwa bosi wa kampuni hiyo, alinunua Porsche 911 ya kweli ili wahandisi wake waifungue kipande kwa kipande na kuichunguza. Kuirudisha kukawashinda, ikabidi mafundi wa Porsche waitwe. Kila aliyewahi kufungua redio ya baba yake anaijua hali hiyo.

Mjapani mwingine, Masami Hirosaka, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za magari ya rimoti mara 14.

Je, wajua kuwa bodi ya gari la rimoti la mashindano hupakwa rangi kwa ndani? Ni plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kwa hiyo changarawe zikiikwaruza kwa nje rangi haiguswi. Kwa mpigapicha hiyo ina maana moja: inang'aa kama kioo cha dirisha, na usipochagua pembe utapata picha ya jua badala ya gari.

Je, wajua kwamba zamani madereva wawili wangeweza kunyang'anyana gari bila kujua? Rimoti za masafa ya megahezi 27 zilihitaji kila mtu awe na chaneli yake. Wawili wakiwasha chaneli moja, gari linatii mabwana wawili na kuishia ukutani. Masafa hayo yana wimbi la mita 11 hivi, ndiyo sababu magari ya zamani yalibeba antena ndefu kama mkia wa panya, iliyowaudhi wapigapicha kwelikweli. Rimoti za leo hutumia gigahezi 2.4, wimbi la sentimita 12 na nusu, na mkia umetoweka.

Kwenye viwanja vya mbio madereva husimama mstari mmoja juu ya jukwaa, na magari yakipinduka huinuliwa na watu waliopangwa kwenye kona, ambao mara nyingi ni madereva wa raundi iliyotangulia. Ukichoka kupiga magari, geuzia lenzi jukwaani. Watu wazima kumi, vidole vikicheza, midomo wazi, wote wanatazama kitu cha ukubwa wa kuku.

Je, wajua kwamba Bunia imekaa mahali ambapo saa ya ukutani na jua vinakubaliana? Saa za mashariki mwa Kongo zimepangwa juu ya mstari wa longitudo 30 mashariki, na mstari huo unapita karibu kabisa na mji wetu. Kwa hiyo hapa saa sita mchana ni saa sita kweli, kwa tofauti ya kama robo saa, wakati ng'ambo ya Ziwa Albert, kwa majirani zetu wa Uganda, saa zinasema saa saba. Tena tuko nyuzi moja na nusu tu kaskazini ya ikweta. Siku chache baada ya 20 Machi, na tena siku chache kabla ya 23 Septemba, jua la mchana linasimama utosini na kivuli cha gari kinaingia chote chini ya gari. Kwa gari la rimoti, ambalo tumbo lake liko sentimita mbili tatu kutoka ardhini, huo ni msiba: juu panawaka, magurudumu yanamezwa na giza, na picha inaonyesha sahani inayoelea.

Piga saa moja hadi saa tatu asubuhi, au saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Usichelewe zaidi ya hapo. Huku kwetu jua likishazama, dakika 20 na kitu baadaye unampiga picha mtu usiyemwona.

Vumbi nalo lina adabu zake. Jua likiwa mgongoni kwako, vumbi ni uchafu tu unaoficha gari. Likiwa nyuma ya gari, vumbi lile lile linakuwa dhahabu. Na habari za dhahabu, sisi tuliokulia Djugu, hapa Ituri, hatufundishwi na mtu.

Je, wajua kuwa dhahabu yenyewe imo ndani ya gari? Iligunduliwa hapa mkoani Ituri mwaka 1903, ikazaa migodi ya Kilo-Moto, na Mongbwalu, iliyoko ndani ya teritwari ya Djugu, bado inaishi kwa dhahabu. Vichwa vya nyaya vinavyounganisha betri na mota katika magari ya mashindano hupakwa utando mwembamba wa dhahabu, kwa sababu haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri. Betri yenyewe, ile nyepesi ya lithiamu, kwa kawaida ina kobalti, na karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, kusini huko Lualaba na Haut-Katanga. Kwa hiyo gari lililoletwa na mjomba kutoka Kampala huenda lilikuwa linarudi nyumbani, limepitia viwandani Asia na kuongezwa bei njiani. Kuna msomaji atakayesema safu hii imeingia siasa. Nimetaja betri tu. (Na betri hiyo ikivimba, usiitoboe, hushika moto.)

Je, wajua rimoti isiyotumia betri? Sisi tuliokulia upande wa Nizi, huko Djugu, tuliitengeneza wenyewe. Waya wa uzio au wa fremu ya kiti kibovu, kopo la dagaa kwa bodi, magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili iliyochakaa. Kisha fimbo ndefu inayofika kifuani, juu yake usukani wa waya, chini imefungwa kwenye ekseli ya mbele. Ukizungusha usukani, magurudumu yanageuka. Gari liko mbele, wewe unakimbia nyuma, na sauti ya injini unaitoa kwa midomo, pamoja na kubadili gia mlimani. Kuyapiga picha haya ni kugumu kuliko ya betri, kwa sababu mota ni mtoto mwenyewe. Ukilenga gari tu, unapata waya. Ukilenga mtoto tu, unapata mtoto anayekimbia. Rudi nyuma, lala chini, na uache fimbo ikate picha kutoka kona hadi kona.

Je, wajua kwamba mmoja wa wapigapicha wakubwa wa Afrika Mashariki alianza na vumbi la mbio? Mashindano ya magari ya Safari yalizaliwa 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alikuwa akiyapiga picha angali mwanafunzi. Ndiye ambaye mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akawekewa wa bandia, akaendelea na kamera. Alifariki 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Na katika Safari ya 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alimaliza sawa kabisa kwa alama na Harry Källström wa Sweden. Ushindi alipewa Mehta kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza.

Je, wajua kuwa huku kwetu kulala chini na kamera kando ya barabara kunaweza kukuletea maswali? Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021. Na kitu kidogo chenye antena kinachotembea chenyewe si mchezo machoni pa kila mtu: Umoja wa Mataifa ulizindua ndege zake za kwanza zisizo na rubani Goma, Desemba 2013, na tangu hapo rimoti ina sura nyingine mashariki mwa Kongo. Pigia uani, au mjulishe chifu wa avenyu kwanza, na usielekeze lenzi kwenye kizuizi cha barabarani hata kama mwanga wa pale unatamanisha.

Sisi tulirudi uani. Nikalala na shati langu, simu nikaigeuza kichwa chini ili lenzi iguse udongo, jua la saa kumi na moja likiwa upande wa pili. Kijana akalizungusha gari kuzunguka jiko la makaa la mama yake mara nane. Betri ikaisha katika raundi ya tisa. Kati ya picha 43, moja ilitoka: gari liko hewani kidogo tu, gurudumu moja limeinuka, vumbi linawaka nyuma yake kama moto wa nyasi, na ungeapa ni gari kubwa linashuka mlima wa Fataki. Kijana aliitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Halafu akaikuza kwa vidole viwili, upande wa kushoto, nyuma kabisa, mahali ambapo mimi sikuwa nimetazama. Mguu wa kuku, mrefu kama nguzo ya umeme.